Koo Sita za Kimelea Kimoja

Casimira alikuwa akipukuchua mahindi. Shemeji yake, Fermín, aliketi kando, tumbo limemvimba. Wiki ya pili hiyo hajapata choo.

"Shemeji, mimba hii nitajifungua lini?" Fermín alitania.

Casimira hakucheka. Mumewe, Eleuterio, alianguka shambani mwezi Machi, moyo ukasimama. Sasa ndugu yake naye anakwisha.

Remberto, mhudumu wa afya, alibisha hodi. Alichokonoa ufa wa ukuta wa udongo kwa kijiti. Akatoka vinchuca, mdudu mnyonya damu.

"Huyu ndiye aliyemuua kaka yako," alisema. "Akishakunyonya, hunya hapohapo. Ukijikuna, kimelea cha ugonjwa wa Chagas kilichomo kwenye kinyesi hicho kinaingia mwilini. Kapimwe, Fermín."

"Nilishapimwa, sina. Tena kaka alikufa kwa moyo, mimi naumwa tumbo. Wapi na wapi?"

Remberto aliokota punje tatu: nyeupe, ya njano, nyeusi. "Hizi ni nini?"

"Mahindi. Kwani wewe huoni?"

"Rangi tatu, jina moja. Kimelea nacho ni kimoja, lakini wataalamu wamekigawa katika koo sita, mbali na mwingine unaopatikana kwa popo. Huenda ndiyo maana huyu hushikwa moyo, yule utumbo. Hilo bado linachunguzwa. Ila kipimo kimoja kinaweza kuukamata ukoo huu, kikapitwa na ule. Ndiyo maana tunapima kwa vipimo viwili tofauti."

Casimira aliacha kupukuchua. Binti yake, Nieves, alikuwa chumbani akinyonyesha kichanga chake.

"Na mtoto? Mdudu hajamgusa."

"Mama huweza kumwambukiza mtoto tumboni. Twendeni wote."

Wakapimwa wote wanne. Wote wanne walikuwa na kimelea.

Fermín alipasuliwa utumbo. Hakuamka. Walimzika ubavuni mwa Eleuterio.

Moyo wa Casimira ulikuwa umeshatanuka, akaanzishiwa dawa za kuutuliza. Kichanga kilinywa dawa ya kuua kimelea siku sitini, kikitapika na kulia; Nieves aliambiwa angoje yake hadi amwachishe ziwa. Wanawake wale wawili walikandika kuta, wakaziba kila ufa, na watu wa afya wakanyunyiza dawa ya wadudu.

Mwaka ulipopita, Remberto alikuja na majibu.

"Mtoto hana tena. Dawa ikiwahi kabla mtoto hajatimiza mwaka, karibu wote hupona."

Nieves aliangua kilio. Casimira alimpokea mjukuu wake, akaketi chini. Moyo wake ulikuwa ukienda ovyo, kama ulivyozoea sasa. Alimkumbatia mtoto kifuani, akangoja utulie.