Panya Waliokufa Darini kwa Hafidhi

Hafidhi analima karoti na kabichi huko Gare. Asubuhi na mapema anamwagilia, halafu anapandisha mzigo barabarani kusubiri gari la Lushoto. Mama yake anakaa naye. Unga wa mama, kuni za mama, dawa ya mgongo ya mama, vyote analeta Hafidhi.

Lakini mama akipita njiani, watu wanamwita Mama Nassoro.

Nassoro ni kaka yake Hafidhi. Ni daktari. Alitibu watu hospitali kubwa miaka mingi. Baadaye akaacha wodi, akachukuliwa serikalini, kwenye kitengo cha kulinda nchi na vijidudu hatari. Hafidhi alipopata habari hizo alifurahi kidogo.

"Sasa huyo ni daktari gani?" alimwambia mke wake, Mwanahamisi. "Hachomi sindano. Hapimi mtu. Yuko Dodoma analinda vijidudu. Kijidudu kinalindwa?"

"Analinda watu, wasipatwe na vijidudu," Mwanahamisi alisema. "Si alieleza mwenyewe ukisikia?"

"Nilisikia. Yule akiongea hata ng'ombe wanaacha kula wamsikilize."

"Huo wivu, baba Hidaya."

"Wivu wa nini? Mimi nina karoti zangu."

Siku ya Idi Nassoro alikuja nyumbani. Mama akachinja jogoo. Jogoo ni wa Hafidhi. Kuni ni za Hafidhi. Firigisi akapewa Nassoro. Hafidhi alitafuna shingo.

Baada ya kula, Nassoro akatazama juu. Mahindi yalikuwa darini, juu ya jiko, kama kwenye nyumba nyingi za huku. Moshi unayakausha na kufukuza dumuzi wanaotoboa punje. Chini, karibu na jiko, watoto wanatandika mkeka na kulala, maana baridi ya milimani haina huruma.

"Mdogo wangu, haya mahindi yatoe humu ndani," Nassoro alisema. "Panya wanayafuata. Na watoto wanalala chini yao."

"Babu aliweka hapo hapo," Hafidhi alijibu. "Na hakusoma popote."

Nassoro akarudi Dodoma. Mahindi yakabaki.

Baada ya mavuno panya wakazidi. Ndipo asubuhi moja Mwanahamisi akakuta panya amekufa kando ya jiko. Kesho yake wakakuta wengine. Mmoja alianguka kutoka darini mama akinywa chai. Alitembea kama mlevi, akalala ubavu, akafa.

Mama akaweka kikombe chini. "Panya akijifia mwenyewe ni habari mbaya. Tauni ilipopita huku zamani ilianza hivi hivi. Watu walihama nyumba zao. Mpigie kaka yako."

Hafidhi alikuwa tayari ameshika simu. Aliposikia "kaka yako," akairudisha mfukoni. Akilini alimwona Nassoro akishuka kwenye gari la serikali. Alimwona mama akikimbilia kuku.

"Hawajifii," alisema. "Nimewawekea sumu mimi."

"Sumu gani? Mbona hukusema?"

"Ya gulioni. Kali sana. Nyie subirini tu, wataisha."

Akamshika panya mkia kwa mkono mtupu, akamtupa kwenye majani nyuma ya nyumba.

Jirani yao Yusta akasikia. Akaja na kikombe. "Hafidhi, kumbe una dawa hivyo? Panya wamekula hadi kanga yangu ya harusi. Nigawie."

Hapo Hafidhi ilibidi ashuke Lushoto akanunue sumu kweli. Akamgawia Yusta, akagawia na wengine. Panya wakafa nyumba hadi nyumba. Watu wakamwita mtaalamu. Njiani walimsalimia yeye kwanza, na mama mwenyewe akasema, "Mwanangu huyu ana akili, hatumii tu." Hafidhi alilala vizuri siku hizo.

Watoto hawakulala. Viroboto walijaa mkekani. Hidaya, binti yake, alijikuna miguu mpaka ikatoka damu. Halafu akaamka na homa kali. Kichwa kikamuuma. Akaanza kutembea akichechemea, na Mwanahamisi alipomwangalia akakuta uvimbe kwenye kinena. Ukiugusa, mtoto analia.

Wakambeba mpaka zahanati. Mama alikwenda, Yusta naye alikwenda. Nesi Jackline akapima malaria. Hakuna.

"Kwenu kuna panya wamekufa?" nesi aliuliza.

"Wamekufa, ila kwa sumu," mama alisema. "Mwanangu ndiye aliyewawekea."

Nesi akashusha mabega. "Basi huenda ni jipu linakuja."

Lakini mama hakutulia. Akampigia Nassoro, akaweka simu kwenye spika, akamweleza yote. Nassoro alisikiliza hadi mwisho.

"Hafidhi yupo hapo?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Jibu swali langu moja. Panya walianza kufa kabla hujaweka sumu, au baada?"

Yusta alikuwa anamtazama. Mama alikuwa anamtazama. Akisema "baada," anabaki mtaalamu. Akisema "kabla," amekwisha.

Hidaya alikuwa mapajani kwa mama yake, macho mekundu, anahema haraka haraka.

"Kabla," Hafidhi alisema. "Walijifia. Sikuwa na sumu yoyote. Nilidanganya."

Mwanahamisi alimgeukia.

"Sawa," Nassoro alisema. "Mpe nesi simu." Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Akamwambia nesi, "Huyo mtoto mchukulie ana tauni mpaka maabara iseme vingine. Usingoje majibu. Vaa barakoa na glovu. Aanze dawa leo, apelekwe hospitali ya wilaya. Waliolala naye nyumba moja nao wapewe dawa ya kujikinga. Mganga mkuu wa wilaya nampigia mimi sasa hivi."

Gari la wagonjwa likaja. Hospitalini Hidaya akaendelea kupewa dawa. Tauni inatibika, daktari wa pale aliwaambia. Inaua ukichelewa. Ikifika kwenye mapafu, mgonjwa anaweza kumwambukiza mwenzake kwa kikohozi.

Nassoro alifika na wataalamu wengine. Hakuingia kula. Alivaa mabuti na glovu. Wenzake waliokota panya kwa koleo, wakawatia kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, wakafunga wapeleke maabara. Watu wakakusanyika mbali kidogo.

Yusta akauliza, "Daktari, adui si panya? Na sisi tumemuua. Kosa letu nini?"

"Adui, dada Yusta, amempanda panya mgongoni. Ni kiroboto. Ananyonya damu ya panya mgonjwa. Panya akifa, mwili unapoa. Kiroboto hataki damu ya baridi. Anashuka kutafuta ya moto. Sasa nani amelala pale chini?"

Watu wakatazamana.

"Watoto," Yusta alisema.

"Ndiyo hapo. Ukiona panya wanajifia, usikimbilie sumu wala mitego. Anza na kiroboto. Tutapuliza dawa ya viroboto kwenye mashimo, kando ya kuta na kwenye matandiko. Panya baadaye. Ukikuta panya amekufa, usimguse. Zuia watoto na paka wasimsogelee, halafu mwite mtu wa afya. Na mtu akipata homa ya ghafla na uvimbe wa kinena, wa kwapa au wa shingo, apelekwe siku hiyo hiyo."

"Na mtaalamu wetu wa sumu?" mtu mmoja alichokoza kutoka nyuma. Wakacheka. Hafidhi alikuwa pale pale. Masikio yaliwaka moto.

Akasogea mbele. "Sumu niliyowagawia naomba irudi," alisema. "Nilisema uongo kwa sababu sikutaka mumsifu kaka yangu. Basi. Chekeni, lakini leteni sumu."

Walicheka kweli. Walileta.

Jioni ndugu hao walikaa kando ya tuta la karoti. Hafidhi akauliza alichotaka kuuliza siku nyingi.

"Kaka, kwa nini uliacha kutibu?"

"Wodini nilikuwa mwisho wa mfereji," Nassoro alisema. "Mgonjwa anakuja, namtibu, anarudi nyumba ile ile, panya wale wale. Wengine wanaletwa wameshachelewa, nafumba macho yao. Nikataka nipande juu, maji yanakochafukia. Sasa kazi yangu ni mipakani, kwenye mifugo, kwenye maabara. Kule maabara vijidudu vinatunzwa kwenye chupa kwa uchunguzi. Lazima ijulikane nani ana ufunguo, visivuje, visiibiwe na mtu mbaya."

"Na wanakusifu huko?"

"Nani anisifu? Niliyemtibu ananisalimia njiani. Ambaye hakuugua hanijui." Akang'oa jani la karoti. "Wewe mama anajua mlio wa miguu yako. Mimi akinisikia anauliza nani huyo. Nakuonea wivu, Hafidhi."

"Basi beba na kuni zake."

Nassoro akacheka mpaka akakohoa.

Majibu ya maabara yakaja: ilikuwa tauni. Hidaya alipona. Hakuna mwingine aliyeugua. Hafidhi alishusha mahindi darini. Aliyapukuchua, akayakausha vizuri juani, akayatia kwenye pipa la bati lenye mfuniko, kwenye kibanda cha peke yake. Alichonga kitanda cha watoto. Alifyeka majani nyuma ya nyumba. Majirani walikuja kuangalia pipa, na wengine wakanunua yao.

Wivu haukuisha wote. Mama alipotaja Dodoma, bado kitu kilimchoma Hafidhi kifuani. Lakini alijua sasa kinaweza kuua mtoto, akakiacha kichome bila kukitii.

Msimu uliofuata Yusta alikuja mbio. "Hafidhi, kuna panya amekufa jikoni kwangu. Sijamgusa. Nimefunga mlango, watoto wako nje."

Hafidhi akampigia nesi Jackline. Halafu akampigia kaka yake, bila kuambiwa na mtu. Wataalamu wakaja, wakapuliza dawa, wakachukua panya. Baada ya siku kadhaa simu ikalia.

"Yule panya hakuwa na tauni," Nassoro alisema. "Amekufa kwa mambo yake."

"Basi nimewasumbua bure. Watu watanicheka tena."

"Wacheke. Hii kazi yetu ikienda vizuri, hakuna kinachotokea."

Hafidhi akasimama katikati ya shamba na ndoo yake.

"Umesema kazi ya nani?"

"Yetu. Umekuwa kiziwi?"

"Nilitaka urudie," Hafidhi alisema, akaendelea kumwagilia.