Goti la Mektrida na Mzigo wa Majani

"Hodi! Wenyewe wapo?"

Mektrida aliinuka polepole, akishika ukuta. Mlangoni alisimama binti mwenye hijabu, viatu vimejaa tope. Hakumjua.

"Shikamoo, mama. Naitwa Ummy, nimetoka Moshi mjini. Natafuta kwa mzee Sirili anayeuza miche ya kahawa. Nimepotea."

"Marahaba. Umeshapita. Ngoja nikuoneshe."

Mektrida alishuka ngazi moja, akaguna. Ummy akaona goti lililovimba.

"Mama, limefanyaje?"

"Wiki mbili sasa. Nilijitwika majani ya ng'ombe. Mguu ukanasa kwenye tope la mfereji, mwili ukageuka na mzigo. Jirani ananichua kila jioni, kwa nguvu, lakini linazidi tu."

Valerian, mumewe, alitoka bandani kusikiliza.

"Asichuliwe tena," Ummy alisema. "Kazi yangu ni mazoezi ya tiba, hospitalini. Mama, linanyooka lote?"

Mektrida alikaa, akanyoosha mguu. Ulinyooka.

"Vizuri. Ndani ya goti kuna vipande viwili laini, mfano wa mwezi mchanga. Vinazuia mifupa isigongane. Umri ukienda vinachakaa, kama kanga ya zamani. Ukijigeuza na mzigo, kimoja kinachanika. Huenda ndivyo ilivyokuwa, lakini nendeni kituo cha afya apimwe."

"Watampasua?" Valerian aliuliza.

"Wengi wa umri wake hupata nafuu kwa mazoezi tu, baba. Ila goti likikwama lisinyooke, au likiwa la moto na homa juu, muwahi hospitali siku hiyohiyo."

Daktari wa kituo alimpima, akasema vilevile. Jumamosi Ummy alirudi, akamfundisha. Kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, shusha. Kisha simama na kukaa bila kujishika.

"Tembea tu, mama, njia ya tambarare. Lakini kuchuchumaa na kujitwika mzigo, miezi mitatu hapana."

"Na ng'ombe atakula nini?" Mektrida aliuliza. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Pale Mwika, kijijini kwao, kujitwika majani ni kazi ya wanawake.

"Nitabeba mimi," Valerian alisema. "Miezi mitatu."

Siku ya kwanza alipopita na majani kichwani, kilabu kizima cha pombe ya mbege kililipuka kwa kicheko.

"Valerian! Umeolewa lini?" rafiki yake Melkior alipaza sauti. "Mbona hatukula mbuzi wa ndafu wa harusi?"

Valerian aliona aibu, lakini hakusimama. Kesho yake akapita tena.

Miezi ikasogea. Uvimbe ulikwisha. Mektrida akaanza kupanda kilima kwenda kanisani, bila fimbo.

Jioni moja mvua ilinyesha.

"Baba Monica," Mektrida alimwambia mumewe, "goti limepoa. Na leo kilabuni wamejaa, watakucheka mpaka basi. Niache nibebe kafungu kadogo tu."

Valerian alikuwa ameshakunja kata ya majani ya mgomba. Akaiweka kichwani.

"Nilisema miezi mitatu. Bado siku mbili."

Akajitwika mzigo, akashika njia ya kilabuni.