Nyepesi, na Betri Haiishi

Bega langu la kulia ndilo lililotuingiza katika mambo haya.

Kazi yangu ni kuzunguka mashuleni nikichukua oda za vifaa vya maabara: mirija ya glasi, mizani, taa za spiriti. Wiki mbili katika kila mwezi niko njiani. Kwa miaka sita nilibeba laptop nzito kama jiwe la kusagia, mpaka bega likaanza kuniamsha kwa maumivu.

Jioni moja, jua limezama lakini taa za barabarani bado, nilimpitia fundi wa kompyuta kabla hajafunga, nitafute laptop nyepesi. Nilikuwa nimembeba binti yangu wa miaka tisa kuanzia kona ya barabara. Juzi yake walimpima shuleni: kilo thelathini na moja. Nilipomtua kwenye benchi la fundi, bega lilikuwa linawaka moto.

"Mkubwa wote huyu anabebwa?" fundi akamtania.

"Miguu imeisha chaji," binti yangu akajibu.

Fundi akacheka. Akavuta droo, akatoa laptop ya kijivu, nyembamba kama daftari. Nikaipokea kwa mikono miwili. Unajua unavyonyanyua ndoo ukidhani imejaa, kumbe tupu? Ndivyo mikono yangu ilivyoruka.

"Ina kitu ndani kweli hii?"

"Ina kila kitu, mama. Hiyo ni ya watu wa safari. Kizuri chajiuza, mimi sina haja ya kusema mengi."

Ndani ya mfuko wake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Fundi alinieleza kwamba kila anayemletea mashine ya kuuza, lazima aandike maneno mawili kwa ajili ya atakayefuata. "Mashine ni kama chumba cha kupanga," alisema. "Mpangaji mpya ana haki ya kujua kama paa linavuja."

Mistari ilikuwa mitano, kila mmoja na mwandiko wake.

*Nyepesi. Imenifikisha kila nilikotumwa.*

*Betri haiishi. Sijui kwa nini, lakini haiishi.*

*Nzuri kwa kazi za safari. Naiuza kwa kuwa nataka kutulia nyumbani.*

*Nyepesi mno.*

*Naiuza leo. Mungu anisamehe.*

"Huyu wa mwisho aliiba?"

"Alikuwa nesi, mtu wa heshima zake. Labda aliipenda tu."

Nikalipa. Akanisimamisha mbele ya kamera ya mashine, akaandikisha sura yangu, ili mashine ifunguke nikiitazama. Nikamwambia amwandikishe na mtoto.

"Mtoto wa nini?"

"Afanye kazi za shule mimi nikiwa jikoni. Sitaki kuitwa kila dakika mbili nije kufungua."

Fundi alisita. Kisha akamgeuzia kamera. Mashine ikauliza: mmiliki, au mgeni? Fundi akanitazama.

"Weka mmiliki," nikasema. "Twende, giza linaingia."

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia.

Wiki iliyofuata nilisafiri. Binti yangu nilimwacha na mdogo wangu kama kawaida, na chaja niliisahau mezani. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba sijaichaji mashine hata mara moja. Betri ilikuwa asilimia sitini na moja. Asubuhi ilikuwa sitini na moja. Juzi pia. Nilifurahi, nikasema leo nimepata changu.

Jioni hiyo nilikuwa gesti, chumba cha mwisho kwenye korido. Kitanda, meza, kiti, dirisha lenye nondo. Umeme ulikuwa umekatika na mwanga wa nje ulikuwa unakwisha. Nikafungua laptop nitume oda.

Taa ndogo ya kamera ikawaka yenyewe.

Skrini ikaonyesha chumba. Nikajiona nimekaa, kilemba kimelegea, macho yamechoka. Nyuma yangu kitanda.

Kitandani walikaa watu watano.

Walikaa kwa mstari, mabegi mapajani, kama wanaongoja kuitwa kwa daktari. Mwanamume mwenye tai. Mzee mwenye miwani. Wanawake wawili waliofanana. Karibu na ukuta, mwanamke mwenye sare nyeupe ya nesi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia. Walikuwa wananitazama kisogo.

Nikageuka.

Kitanda kitupu...

Lakini godoro lilikuwa limebonyea. Mabonde matano. Nikasikia na harufu, ya nguo zilizokaa siku nyingi ndani ya begi zikiwa na unyevu.

Mimi si mtu wa kupiga mayowe. Ni mzazi, nimeshaona mengi. Nilichukua simu nikampigia fundi.

"Fundi, hii mashine yako nairudisha. Nikifika tu, utaichukua umuuzie mwingine."

"Mama, unayo hapo?" Sauti yake ilibadilika. "Usiseme hivyo ukiwa na..."

Mtandao ukakatika.

Nyuma yangu, mlango ukalia. *Klik.*

Nikakishika kitasa. Hakikuzunguka. Ufunguo ulikuwa upande wangu, nikauzungusha kulia, nikauzungusha kushoto, mlango ukawa kama umechorwa ukutani. Nikagonga kwa ngumi. Nikaita. Huko koridoni nilisikia ndara za mtu zikipita, zikiburuzika polepole. Nikasikia redio ya mapokezi, na mtu akichekea simu. Mimi hakuna aliyenisikia. Sauti yangu ilirudi kama naongea ndani ya pipa la maji.

Nikaita mpaka koo likakauka. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda, nikarudi kwenye skrini.

Walikuwa wamesogea.

Kati ya nesi na ukuta sasa palikuwa na nafasi. Ya mtu mzima. Na mbele yake, ukutani kabisa, nafasi nyingine. Ndogo.

Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Nesi akafungua mdomo. Sauti ilitoka kwenye spika za mashine, nyembamba, kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa.

"Dada... usiiuze."

"Nyie ni nani?"

"Tuliiuza."

"Mimi sijauza."

"Umesema." Akatazama ile nafasi ndogo, kisha akatazama chini. "Mmiliki hutoka. Aliyeiuza hubaki."

Mabonde kwenye godoro yakaongezeka. La sita likaanza kubonyea taratibu, kama mtu anapapasa kwa kiganja aone kama kiti ni kikavu. Miguu yangu ikataka kwenda kukaa. Sijui nielezeje. Uchovu wote wa miaka sita ulinishukia magotini, na kitanda kilionekana kizuri.

"Ni yangu," nikasema.

Hakuna kilichotokea.

"Ni yangu. Siuzi. Sirudishi. Na ya mwanangu ni yangu."

Godoro likapumua, likainuka. Kitasa kikazunguka chenyewe.

Dada wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mama, unalala fofofo. Nimekugongea mara tatu."

Niliporudi, nyumbani sikupita. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi na begi langu. Alikuwa peke yake, na aliponiona akaacha bisibisi.

"Wale waliokuuzia," nikamwambia, "uliwahi kumwona hata mmoja tena?"

"Wateja wa laptop hawarudi, mama. Nilijua wameridhika."

"Na wewe mbona uko salama?"

"Mimi dalali tu. Sura yangu sijaiweka humo hata siku moja." Akajifuta jasho. "Niliwahi kuona jambo kwenye hiyo kamera, mara moja. Nikasema ni macho. Nina familia, mama, na mimi nauza."

"Mfute mtoto."

Akaiwasha, akahangaika nayo. Kisha akanigeuzia skrini. Ili kumfuta mmiliki, mashine ilimtaka mmiliki mwenyewe aje aitazame.

"Mlete," fundi akanong'ona. "Ni sekunde moja."

Nikawaona kichwani mwangu wamejipanga kwenye kile kitanda, wanamngoja. Nikaifunga. Kizuri chajiuza, nilikumbuka njiani, na nusu ya pili ya methali ndiyo aliyoimeza fundi: kibaya chajitembeza. Sasa kilikuwa kinatembezwa na mimi.

Basi nikakaa nayo. Ningefanya nini kingine? Kuitupa ni kuikana. Kuichoma niliogopa zaidi. Niliifunga kwa taulo, nikaiweka juu ya kabati chumbani, na nikisafiri nilisafiri nayo. Watu wengi waliniulizia. Mwalimu mkuu mmoja aliinyanyua akasema, "Hii kweli nyepesi, mama, huuzi?" Nikamjibu siuzi, kwa sauti kubwa, mpaka akaniomba radhi.

Mtoto nilimwambia neno moja: usiiguse. Sababu sikumpa. Mtoto wa miaka tisa utamwambia nini, na usiku atalala vipi?

Lakini watoto wana masikio. Alinisikia nikimlalamikia mdogo wangu kwamba ile mashine imekuwa mzigo kuliko ile ya jiwe. Na ana huruma huyu mtoto, kwa baba yake hakuitoa.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa uani nafua. Mdogo wangu alikuwa anaanika. Tukasikia kiti kikiburuzwa chumbani.

"Mama," sauti ikatoka dirishani, "nimekupatia mteja. Mwalimu wetu wa sayansi anataka laptop nyepesi. Nimemwambia tunamuuzia, naishusha."

*Klik.*

Mlango wa kile chumba hauna kitasa. Kiliharibika mwaka uliopita, nikauwekea kipande cha kanga cha kufungia. Hauwezi kulia *klik*.

Nilikimbia na povu mikononi. Nikausukuma mlango. Ulikuwa ukuta.

"Dada, kuna nini?" Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, shuka begani. "Kaufungia? Ufunguo uko wapi?"

"Hakuna ufunguo."

Nikaweka sikio. Sauti ya mwanangu ilikuja kutoka mbali, kama yuko ndani ya pipa la maji.

"Mama... humu kuna watu."

"Simama hapo hapo. Usikae."

"Wanasema nikae."

"Usikae, mwanangu. Sema hivi: ni yetu, hatuuzi. Sema sasa hivi."

Chini ya mlango ilitoka ile harufu, ya nguo zilizokaa ndani ya begi. Mdogo wangu aliisikia pia, maana aliishika kanga yangu kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Huyu mama nesi amenishikia nafasi," mtoto akasema. Sauti yake hata haikuwa na woga. "Mama, nimechoka kusimama."

"Najua. Sema kwanza."

"Miguu imeisha chaji."

Kitanda kikalia. Springi moja tu, kidogo, kama mtu mwepesi ameketi ukingoni.

"Sema!"

Nilihesabu pumzi zangu. Moja. Mbili. Tatu. Nne...

"Ni yetu," ikaja sauti. "Hatuuzi."

Mlango ukafunguka taratibu, kama unavyofunguka siku zote, ukilia bawaba.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, laptop mkononi, taulo chini. Kitanda kilikuwa kitupu na shuka halina mkunjo. Nikamnyang'anya ile mashine nikampa mdogo wangu, nikainama, nikamkumbatia mwanangu nikamnyanyua.

Mikono yangu ikaruka.

Kesho yake nilimpeleka apimwe. Kilo thelathini na moja na nusu. Mpimaji akaniambia mtoto hana tatizo, mwenye kuhitaji kupumzika ni mimi. Sikubishana naye. Mizani inasoma namba, lakini mizani haikumbeba mtoto huyu miaka tisa.

Anakula. Anacheza. Hesabu zake zimepanda. Anamtania mdogo wangu vilevile. Sasa namweka begani kutoka kona mpaka nyumbani na bega haliniumi hata kidogo. Laptop iko juu ya kabati, nimeifunga taulo mbili, na siiuzi.

Kuna jambo moja tu ambalo mdogo wangu naye ameliona, ingawa hatulizungumzi. Tangu siku ile, mtoto hajasema amechoka. Hata mara moja.

Asubuhi nikienda kumwamsha namkuta ameshavaa sare, amekaa kitandani na begi la shule mapajani, anangoja. Hukaa kwenye pembe, amejibana ukutani kabisa.

Kando yake huwa ameacha nafasi. Ya mtu mzima.