Viatu vya Topista

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Herbert, mwalimu wa Jinja, mwaka 1996. Yeye na mchumba wake Topista walikuwa wamepanga safari ya fungate: waanzie ziwani Jinja, wapande Mlima Elgon, kisha wateremke hadi Mombasa. Topista hakuwahi kuiona bahari. Malaria ikamchukua wiki mbili kabla ya harusi.

Baada ya maziko Herbert alikwenda Mbale, mtaa wa Namakwekwe, alikokuwa amepanga Topista, kuhamisha vitu vya marehemu. Mama Kulusumu, mwenye nyumba, alimfungulia chumba.

"Pole, mwalimu. Tangu aende hospitali hakuna aliyeingia humu."

Herbert alikunja magauni moja moja, akilia kimya kimya. Mara wingu likatanda, chumba kikawa giza, mvua ikapiga bati. Katikati ya kishindo kile akasikia sauti nyingine uvunguni mwa kitanda, ikija na kurudi taratibu, kama maji yanayovuta changarawe.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia mvua tu, mwanangu."

Akapiga magoti, akapapasa gizani, akavuta viatu vya Topista. Vilikuwa vizito. Ndani vilijaa mchanga mweupe, umelowa. Akauonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa na chumvi.