Wasomaji Walitaka Aitike

Saluni yenyewe ni ya viti vitatu, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na redio ambayo siku hizi haizimwi. Zamani redio haikuhitajika. Alitosha Chiriku, mdogo wake msusi, na waliompa jina hilo hawakukosea hata kidogo. Mdomo wake haukukauka tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe, na wateja wengine walikuja kwa ajili ya soga zake tu, nywele baadaye.

Msusi mwenyewe alikuwa mtunzi. Hadithi yake ya kwanza, aliyoirusha mtandaoni maandishi pamoja na sauti, ilipendwa ajabu. Ilimhusu msichana muuza vocha anayeitwa kila mara na sauti kutoka ndani ya kuta za maghorofa. Anayeita ni mlinzi wa mji dhidi ya wachawi, naye kachoka. Ukimwitikia, yeye anapumzika na wewe unashika zamu yake humo ukutani. Msichana hakutaka. Akiitwa, anakaza mwendo. Chiriku ndiye aliyesoma maneno ya msichana huyo, na watu walisema woga ule haukuwa wa kuigiza.

Kitabu cha pili cha hadithi hiyo kilipoanza, wasomaji wakaja juu.

"Tumechoka na hapana zake," aliandika mmoja. "Shujaa gani huyu, kazi kukimbia tu?"

"Katika cha kwanza tulimwelewa," aliandika mwingine. "Sasa anaringa."

Wachache walimtetea, kwamba si kila anayeitwa lazima aende, wakazomewa mpaka wakanyamaza. Hata mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa, alitoa yake. "Mwambie aitike, mwaya. La sivyo mimi nahamia hadithi nyingine."

Hilo lilimuuma msusi kuliko yote. Usiku huohuo akaandika msichana anaitika.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha, wateja hakuna. Walirekodia stoo ya nyuma, kwa kuwa mawigi na mataulo humeza mwangwi. Chiriku huingia peke yake na simu, dada yake hubaki nje ya mlango, maana pumzi za watu wawili huharibu sauti. Siku hiyo Chiriku alisoma mistari, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Dada, hili neno silisemi."

"Neno gani? 'Abee' tu?"

"Tangu tuanze kitabu hiki, humo ndani kuna mtu ananiita." Alikuwa ananong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona. "Ananiita jina langu la nyumbani."

Msusi akacheka. "Hadithi nimeitunga mimi, mdogo wangu, hapohapo mezani. Usinitanie. Watu wananingoja."

Chiriku akachukua simu. Alimpenda dada yake, ndiye aliyemlea. Akaingia, akafunga mlango.

Nje, msusi alitega sikio. Kimya. Mvua kwenye bati. Kimya tena.

"Abee," Chiriku akasema.

Mlango ukafunguka. Chiriku akatoa mkono tu, simu kiganjani. Msusi aliipokea kwa furaha na kuirusha sehemu ile papo hapo, bila hata kuisikiliza, kabla hajageuka kumtazama mdogo wake usoni. Alipogeuka, Chiriku alikuwa anafungua mdomo na kuufumba. Hakuna kilichotoka.

Daktari alisema koo ni zima. Wasomaji walishangilia. "Huyo bibi anayeita kwa sauti ya kukwaruza mmemtoa wapi? Nimezima simu nikaikalia!" Msusi akaisikiliza sasa. Kweli bibi yupo. Anaita jina la nyumbani la Chiriku, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuona dalili za kufanikiwa.

Machozi yakamtoka. Akafunga stoo kwa kufuli.

Siku chache baadaye ukurasa wake ulikuwa na sehemu mpya. Hakuirekodi yeye. Ndani yake hamna hadithi, ni sauti ya Chiriku tu ikiita: "Dada! Dada!" Na chini yake, maoni yamejaa.

"Kumbe shujaa ana dada!"

"Sasa dada naye anangoja nini? Aitike basi, anatuchosha."

Msusi aliinua macho. Chiriku alikuwa mbele yake, anafagia nywele, midomo imefungwa. Na kutoka stoo, nyuma ya kufuli, sauti yake ikaita.

"Dada!"

Chiriku akatupa ufagio. Alitikisa kichwa, akamrukia dada yake, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Msusi akavishika viganja vile, akavitoa polepole. Kanuni alikuwa ameitunga mwenyewe, alijua mwisho wake.

"Abee, mdogo wangu."

"Dada, usiitike!" Chiriku alipiga ukelele, na sauti ilikuwa yake, nzima, imechelewa.

Saluni ipo hadi leo. Msusi husuka vizuri kuliko zamani na hasemi neno. Ukurasa ulifutwa, ingawa wasomaji bado wanaulizana mtandaoni kitabu cha tatu kitatoka lini. Chiriku ndiye anayepokea wateja. Anaongea bila kupumua, akiishiwa na maneno anaimba, na redio iko juu.

Juzi umeme ulikatika. Mteja aliyekuwa kitini akageuza shingo kuelekea stoo.

"We Chiriku, mbona unaitwa muda wote huo na huitiki?"

Chiriku alimwambia ainamishe kichwa, akaanza kuimba kwa nguvu.