Hata Mimi Ninayo

Foleni ya kuingia kwenye jengo la maduka ilikuwa imejikunja hadi barabarani, na mpambaji wa kumbi za harusi alikuwa amechelewa. Kwapani amebana furushi la vitambaa vya zambarau, mkononi ana mkoba, na gauni lake la njano limeshaanza kulowa mgongoni. Askari wa mlangoni akaupekua mkoba kama anayetafuta sindano mchangani. Akatoa pini, akatoa mkasi, kisha akatoa kikopo cha plastiki, akakifungua na kuinua juu kitu kinachong'aa, kilichofinyangwa kwa umbo la meno.

"Hii ni nini, dada?"

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Mpambaji akatamani ardhi ipasuke. Kitu chenyewe alikuwa ametoka kukichukua kwa daktari wa meno asubuhi hiyo hiyo, na hakuwa amemwambia mtu.

"Ni kinga ya meno," ikajibu sauti ya mwanamume nyuma yake, bila wasiwasi wowote. "Ya kuvaa ukilala, usije ukayamaliza meno kwa kuyasaga. Hata mimi ninayo."

Askari akaguna na kurudisha kikopo. Mpambaji akageuka. Alikuwa kijana mrefu, amevaa bwelasuti ya buluu, mkanda wa zana kiunoni, na jino lake la mbele limemeguka pembeni kidogo, jambo lililofanya tabasamu lake lionekane la utundu. Alikuwa fundi wa lifti, na lifti mbovu aliyoitiwa ilikuwa ya jengo hilo hilo. Basi akambebea furushi kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, huku mpambaji akimtania kwamba kumbe yeye ndiye anayewatesa watu magoti. Walipofika kwenye duka la vitambaa wote wawili walikuwa wanahema na kucheka, na fundi alikuwa ameshapata namba ya simu.

Kwa mtu mwingine lile neno, hata mimi ninayo, lingekuwa dogo. Kwa mpambaji lilikuwa na thamani kuliko shada la maua. Aliwahi kuchumbiwa. Siku moja, kwenye safari ndefu ya basi, alisinzia kitini na kusaga meno mpaka abiria wakageuka. Mchumba yule akalifanya jambo hilo kichekesho kwa marafiki zake, wakambatiza jina la Mashine, na uchumba ukafia hapo. Tangu hapo alikuwa akiamka na taya zinauma na kichwa kizito, na moyoni ameapa kwamba hakuna mwanamume atakayemsikia tena akilala. Daktari alimweleza wazi kuwa kinga haiondoi kusaga. Inakubali kutafunwa badala ya meno. Lakini aibu yake haikuwa na kinga, hadi alipotokea huyu aliyesema hadharani kwamba wako wawili.

Mapenzi yakakolea haraka. Fundi alikuwa akimpigia kila jioni akitoka kazini, sauti bado ina mwangwi wa ngazi za maghorofa.

"Mpenzi, usisahau kuivaa."

"Sisahau. Na wewe je?"

"Mimi tena? Hebu niambie kwanza, ukumbi wa leo umeupamba rangi gani?"

Mpambaji akaanza kueleza maua na mataa, na swali lake likapotea. Hakuona kitu. Alikuwa anapaa.

Jumapili moja fundi akampeleka kwa dada yake. Wanawake wawili wakaingia jikoni, wakawa wanakata vitunguu na kupiga soga kama waliokua pamoja. Mpambaji, kwa raha aliyokuwa nayo, akasema ni bahati kumpata mwanamume ambaye naye ana kinga ya meno.

"Kinga gani, wifi?" Dada akacheka hadi akashika meza. "Huyu? Huyu alimtoroka daktari wa meno na kitambaa bado kinaning'inia shingoni. Hajarudi mpaka leo."

Mpambaji aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaaga kwa heshima. Fundi alimkimbilia, akamkuta getini.

"Ulinidanganya tangu siku ya kwanza."

"Sikutaka wakucheke."

"Kwa hiyo ulinihurumia. Na mimi nikajiona nimepata mwenzangu."

Mpambaji akaondoka, na simu za fundi hakuzipokea tena. Alijitupa kazini, akigombana na maputo, akifunga mashada na kuyafungua upya. Usiku aliivaa kinga yake kama kawaida na kuing'ata kwa hasira.

Siku moja, yupo juu ya ngazi anatundika pazia, simu ikaita. Alitaka kuikata, kidole kikakataa.

"Niko kwa daktari wako," fundi alisema, sauti inatetemeka. "Sikupigii uje. Nilitaka tu nisikie sauti yako kabla hawajanijaza mdomo. Na ujue jambo moja. Meno nasaga kweli, tangu utotoni; hili la mbele nililimegua mwenyewe usingizini. Uongo ulikuwa kwenye kinga tu."

Mtu huyu alikuwa akining'inia kwenye mashimo ya lifti za maghorofa bila kupepesa macho, na sasa sauti yake ilikuwa kama ya mtoto aliyepotea.

"Pumua kwa pua," akasema. "Nakuja."

Alimwachia msaidizi wake pazia na kutoka mbio, nywele zimejaa chembe za kumeta. Alimkuta kwenye kile kiti, ameng'ang'ania pande zote mbili, jasho linamtiririka. Akamshika mkono. Daktari akachanganya uji mzito wa kuchukulia umbo la meno, akaupakia kwenye kisahani cha kuingiza mdomoni, na fundi akaanza kutaka kutapika kabla haujamgusa.

"Inua vidole vya miguu, kichefuchefu kitatulia," mpambaji akamwambia sikioni. "Vyote. Sasa nitazame mimi."

Alimtazama yeye, vidole juu, machozi yakimtoka, mpaka uji ukakauka na daktari akautoa. Hapo mpambaji akagundua kwamba hasira zote zimemwisha, na kwamba mkono wake umekufa ganzi kwa kubanwa.

Kinga ilipokuwa tayari wakarudi pamoja. Daktari aliivisha kwenye meno ya juu, akamwambia ang'ate, kisha azungumze kidogo aizoee. Fundi akamgeukia mpambaji.

"Nataka kukupotha."

"Kunipoza? Kwani nina homa?"

Akatikisa kichwa, akarudia, ikawa vibaya zaidi. Daktari akageuka kutazama ukuta, mabega yanatikisika. Mwishowe fundi akaitoa ile kinga.

"Kukuposa. Nataka nilete watu kwa mama yako."

Mpambaji alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. "Uongo wa huruma uishie hapa," akasema.

"Umeishia."

"Basi mama yupo Jumamosi. Mje na dada yako, na mpige simu kwanza, hapendi kushtukizwa."

Daktari aliomba kinga arekebishe upande wa kushoto. Mpambaji akatoka hadi kwenye chumba cha kusubiria na kumpigia dada yake mwenyewe, mkubwa wake, lakini maneno yaligoma, akawa anacheka tu, hadi dada akahamaki na kumuuliza kulikoni. Alipomweleza habari za posa, dada akawa na swali moja tu.

"Na anajua kwamba unasaga meno?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Anajua."

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu viliwafanya wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri wageuke.