Namba Tano Imeitika

Kilichoitika namba tano hakikuwa na waya. Rhoda aliliona hilo mapema akasema, lakini kumwambia Sharifu jambo lolote lazima uombe kwanza ruhusa kwa stashahada yake.

Mafundi hawa wa Masuguru, pale Korogwe, walikuwa na karakana moja ya kuchangia, ya redio na televisheni, na kila mmoja alileta kifaa cha kupimia. Kifaa kiliitwa kwa jina la aliyekileta. "Niazime Zaidi," yaani kipimo cha fundi Zaidi. "Jamani, msimuunguze Rhoda!" Sharifu yeye alileta mdomo. Mdomo mpana, umevaa shati la kuchomekea.

Asubuhi hiyo alikuwa anaviunganisha vifaa vyote kwenye kompyuta, ili iviamuru vipime vyenyewe. Kompyuta inaita namba, kifaa kinaitika, unakiandikia jina, mnazoeana. Moja, Rhoda. Mbili, Zaidi. Tatu na nne zikapata wenyewe. Ya tano haikuwa na kitu. Ikaitika.

NIPO, ikaandika skrini.

"Wewe, ni nani huyo?" Rhoda aliweka chini pasi yake ya kuungia nyaya kwa risasi. "Hapo hakuna waya."

"Dada Rhoda, haya ni mambo ya kompyuta. Rudi kwenye pasi yako."

"Pasi yangu haijawahi kunijibu."

Kompyuta ikaomba jina. Mtu mwenye akili angezima. Sharifu aliona bahati: hatimaye na yeye ana kifaa karakanani, tena bila kununua hata msumari. Akaandika SHARIFU, akajipigia makofi. Peke yake, kama kawaida.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ile ya mkonge uliooza majini, ambayo Korogwe hakuna asiyeijua, ila hii ilitoka ndani ya kompyuta. Kisha mstari kwenye skrini ukaanza kupanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Rhoda akachomoa kifaa chake. Mstari ukaendelea. Akazima umeme wa karakana nzima. Mstari ukaendelea.

Mchana Munira, mke wa Sharifu, alileta makande. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo jamaa hakuwa hata na "baba fulani" ya kujifichia. Jina lake lilikuwa moja tu, na alishaligawa.

"Sharifu!" Munira aliita mlangoni.

"Nipo, mke wangu. Weka hapo mezani."

Sauti ilikuwa yake. Mwenyewe alikuwa nyuma ya jengo, ananawa mikono. Aliporudi akakuta bakuli jeupe, limelambwa, na mkewe ameganda kama nguzo.

Tangu hapo kila jina lake lilipoitwa aliitika, na hakuna aliyemsikia, na sauti yake ikazidi kuwa nyembamba kama redio inayopoteza stesheni, na wateja wakawa wanatazama juu ya bega lake kana kwamba wanaongea na ukuta, na usiku Munira alipapasa kitanda akimtafuta mtu aliyelala palepale kando yake, analia. Huyo ndiye msomi wetu.

Akaletwa mganga, Bibi Hajira, kutoka Handeni. Alinusa kompyuta, akavuta mtandio puani.

"Umempa jina, naye kalipenda," alinong'ona. "Halirudi. Chukua lingine, baya, asilitamani. Wazee wetu walipozika watoto mfululizo, aliyefuata walimwita Jaa, ili kifo kikipita kione ni takataka, kiende zake. Sema hapa mbele yake: mimi ni Jaa. Basi, umepona."

"Bibi, shikamoo yako nimeshaitoa, lakini Jaa? Mimi? Nina stashahada!" alisema Sharifu, kwa sauti nyembamba hadi ikabidi wasogeze masikio.

"Jini hana shida na stashahada, mwanangu. Anataka mwili."

"Sema tu, Sharifu," Munira alimsihi. "Nakuomba."

Rhoda, Mungu amsamehe, akashindwa kujizuia. "Sisi tutakuita kwa heshima. Bwana Jaa."

Zaidi akacheka. Ikawa imetosha. Sharifu akachomekea shati upya na kutoka nje kifua mbele, na Bibi Hajira akafunga ubani wake bila kumtazama tena.

Kesho yake Munira alikuja na chakula, akaita. Akatoka mtu karakanani, shati limechomekewa, anatabasamu. "Pole na jua, mke wangu," akampokea bakuli. Sharifu hajawahi kumpokea mtu kitu maishani mwake. Munira akafurahi! Akasema mume wangu kapona.

Chini ya miguu yao, kwenye kizingiti, mtu alikuwa amepiga magoti anapiga kelele kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye meno yake: "Nimekubali! Mimi ni Jaa! Munira, niite Jaa!"

Munira akakunja pua, akainua upindo wa khanga.

"Hapa mlangoni pana nini?"

"Taka tu, mke wangu," akajibu yule mstaarabu, akachukua ufagio.